Siku ya Ishirini na Mbili ya Bahari Kulala

Siku ishirini na moja mfululizo Augie Terlizzi alisema jambo lile lile kwenye simu, na siku zote ishirini na moja hakuna aliyemlaumu.

"Habari za asubuhi, hapa ni duka la Kip, mimi ni Augie. Saa kumi na mbili kasoro robo. Bahari imelala. Upepo hakuna, mawimbi hayafiki hata kifundo cha mguu, maji ni ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Rudini kulala na nyinyi. Kesho nitawaambia tena."

Miaka ile kamera za ufukweni zilikuwa hazijaja. Mtu wa mawimbi, yaani wa kuteleza juu yake kwa ubao, aliyekaa Trenton au Philadelphia alipiga namba ya duka kabla hajanywa kahawa, akasikiliza sauti ya Augie kwenye mashine ya simu, ndipo akaamua kama leo ni mzima au anaumwa na hawezi kwenda kazini. Mabosi wengine nao waliijua namba hiyo. Waliipiga ili wajue mapema nani atakayeugua.

Augie alikuwa na miaka sitini na saba. Alikuwa mpeleka barua hadi alipostaafu, lakini kazi aliyoijali ni hii ya kutazama bahari, ambayo Kip mwenye duka alimlipa kwa kahawa na nta ya kupaka ubao. Miaka ishirini na sita alisimama kila alfajiri mwisho wa Barabara ya Kumi na Nne, kwenye njia ya mbao ya ufukweni, akatazama dakika nne, kisha akaingia kwenye kibanda cha simu ya kulipia na kuzungumza na mashine. Nasi tulimwamini. Mtu alikuwa anaweza kufungua dirisha lake mwenyewe akaiona bahari, na bado akapiga simu kumsikia Augie anasemaje.

Kiangazi kile bahari ilitutesa. Wiki tatu nzima ilikuwa tambarare, inameta, haina hata kikunjo. Watalii walifurahi na watoto wao wakaelea juu ya maboya ya plastiki. Watu wetu walipaka nta mbao ambazo hazijaloa, wakagombana na wake zao bila sababu, wakaanza kuzungumzia siasa.

*

Nyumbani kwa Augie walikuwa watatu: yeye, mkewe Lorraine, na mama yake Lorraine, Bibi Filomena, ambaye alikuwa na miaka themanini na minane na ulimi uliogoma kuzeeka. Kwenye mlango wa friji palikuwa na kadi ya daktari wa macho iliyofutwafutwa. Tarehe ya Machi ilikatwa kwa kalamu. Tarehe ya Mei ilikatwa pia. Chini yake iliandikwa Alhamisi, Agosti ishirini na moja.

"Wiki ijayo," Lorraine alisema, huku akigeuza yai kwenye kikaango. "Nikukumbushe tu."

"Naikumbuka."

"Machi uliikumbuka pia."

"Machi kulikuwa na dhoruba ya kaskazini, Lorraine. Mawimbi yalipita kichwa. Ungetaka nilale hospitalini?"

"Kwa mtoto wa jicho halazwi mtu. Unaingia asubuhi, mchana uko nyumbani."

"Halafu wiki tatu nisiguse maji ya chumvi. Kuanzia Agosti ishirini na moja, wakati dhoruba za kusini ndipo zinapoamka." Augie alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akakikosa kwa upana wa kidole, akakipata. "Tungefanya Julai."

"Julai nilikwambia. Ukasema kuna kitu kinakuja."

"Kilikuwa kinakuja."

"Hakikuja."

Bibi Filomena aliinua sindano aliyokuwa akiitunga uzi. Yeye macho yake yote mawili yalishafanyiwa alipokuwa na miaka sabini na tisa. "Mimi nilipotoka kule," alisema, "kitu cha kwanza nilichokiona ni huyu mkwe wangu. Nikamuuliza daktari kama inawezekana kunirudishia ule ukungu."

Lorraine alicheka hadi akaegemea jiko. Augie naye alicheka, maana katika nyumba ile mtu asiyejua kuchekwa hali chakula chake kwa amani. Ndoa yao yenyewe ilisogezwa siku mbili kwa sababu ya mawimbi, na Lorraine alivaa gauni lake siku ya Jumatatu mbele ya watu kumi na tisa. Alikuwa amekwisha kusamehe hayo. Hili la macho ndilo lilianza kumchosha.

*

Siku ya ishirini na mbili, Jumatano, upepo ulitoka bara. Ukitoka bara kwetu hubeba nzi wa kijani kutoka kwenye matope ya nyuma ya mji, nao hung'ata kweli. Augie alisimama pale pale. Jua lilikuwa limechomoza moja kwa moja kutoka majini, mbele ya uso wake, na bahari yote ikawa mwanga mtupu. Alisubiri dakika nne. Akasikiliza. Hakusikia kitu. Akaingia kwenye kibanda.

"Bahari imelala," aliiambia mashine. "Nzi hawajalala."

Saa tatu Lorraine alitoka kununua mkate, akarudi kwa njia ya mbao, akasikia mtu anapiga mluzi. Alisimama. Mbali kidogo, kwenye fungu la mchanga, mawimbi yalikuwa yakija matatu matatu, safi, yamenyooka, kimo cha kiuno. Upepo wa bara uliyashikilia vileleni yasianguke upesi. Majini walikuwemo watu sita tu, Kip mmoja wao, na kila mmoja alikuwa na wimbi lake. Siku kama ile, baada ya wiki tatu za njaa, wangekuwa watu mia. Lorraine aliyatazama mawimbi yale mpaka mkate ukapoa mkononi.

Kila mji wa pwani yetu una siku zake za kuficha. Mawimbi yakija mazuri, mwenyeji hujifanya hajui, humwambia mgeni hakuna kitu, kisha hukimbia kuvaa kaptula. Hilo si kosa kwetu, ni uungwana wa aina fulani. Augie peke yake hakuwahi kulifanya kwenye mashine, na wapo waliomwona mnyoofu kupita kiasi. Kwa hiyo alipofika dukani saa sita, Kip alimpokea kwa makofi. Kip alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mitano, mwili mkubwa, chumvi bado kwenye nyusi.

"Mzee, nimepigiwa simu kumi na nne za matusi kutoka bara," Kip alisema. "Zote zimenifurahisha. Miaka ishirini na sita unajifanya padri, kumbe unatuwekea akiba."

Augie alisimama mlangoni. Ilimchukua muda kuelewa. Watu walikuwa wanamtazama kwa mapenzi. Mmoja alimsogezea kiti.

"Si unajua," alisema taratibu. "Mara moja moja."

"Mbweha wewe," Kip alisema, akampa bia.

Aliinywa. Kusema kweli, alitaka sana kuitwa mbweha siku ile, kuliko jina lile jingine.

*

Jumamosi jioni, baada ya zamu yake, alikuja Trudy Vance. Huyu alikuwa dereva wa basi kule Camden, mwanamke mfupi wa miaka hamsini, mwenye siku moja tu ya mapumziko katikati ya wiki: Jumatano. Miaka kumi na moja alikuwa akipiga simu saa kumi na mbili kamili, na akisikia kuna kitu, anaendesha saa moja na nusu. Hakuwa na makelele. Alikuja kununua kamba ya kufungia ubao mguuni, akamkuta Augie ameketi kwenye benchi la nje.

"Augie, naomba nikuulize. Jumatano ulijua?"

Ndani ya duka watu walitega masikio. Kip alikuwa anaegemea kaunta, anatabasamu, anasubiri jibu la mbweha.

"Nilijua," Augie alisema.

"Ahaa." Trudy alitikisa kichwa. "Mimi Jumatano nilifua mapazia. Ulisema imelala, nikafua mapazia. Nilikuwa nadhani wale wengine wote wanaweza kunidanganya, lakini si wewe. Basi. Si neno. Sitapiga tena." Alilipia kamba yake, akamwambia Kip asante, akaenda zake.

Kip aliguna. "Watarudi tu hawa."

Augie alivitazama viatu vyake. Viatu aliviona vizuri.

*

Jumapili mchana Lorraine alikuwa anaosha vyombo, Augie anafuta. Sahani moja alikuwa ameifuta mara mbili na bado ina sosi.

"Hukudanganya," Lorraine alisema bila kugeuka.

"Nini?"

"Jumatano. Watu unawadanganya, mimi mwenyewe umenidanganya mara ngapi. Mashine hujawahi. Hukuona, Augie."

Aliendelea kuizungusha sahani. Nje Bibi Filomena alikuwa anamkemea paka wa jirani.

"Tangu lini?" Lorraine aliuliza.

"Tangu baridi iliyopita. Jioni naona vizuri. Asubuhi jua likitoka mbele, yote ni maziwa."

"Na umekuwa unawaambia watu nini miezi hii yote?"

"Nasikiliza. Wimbi likigonga mawe ya gati lina sauti yake. La goti lina yake, la kifua lina yake. Nikichanganya na redio ya hali ya hewa, sikosei." Aliweka sahani. "Jumatano upepo ulitoka bara. Uliipeleka sauti yote baharini. Nikasema imelala kwa sababu jana yake ililala, na juzi yake."

Lorraine alikausha mikono. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na huruma, na hakupenda kuvionesha vyote viwili kwa pamoja. "Ukaona afadhali yule mama wa basi akuite mwongo."

"Mwongo bado anasimama pale asubuhi, Lorraine. Kipofu wanamshukuru, wanampa keki, wanatafuta mwingine."

Lorraine alikuwa anafikiri kwamba hilo lilikuwa kweli.

Jioni ile ile redio ikazungumza. Dhoruba, mbali huko ng'ambo ya Bermuda, haitagusa nchi kavu, ila boya la nje lilikuwa linapima mawimbi yenye sekunde kumi na nne kati ya moja na jingine. Sekunde kumi na nne, jamani: yakiachana hivyo, yana nguvu. Augie alihesabu kwa vidole mezani. Yangefika Jumatano alfajiri. Yangekuwa makubwa kabisa Alhamisi.

"Alhamisi," alisema.

Lorraine alitazama friji. Bibi Filomena alitazama friji.

"Mimi sisemi kitu," alisema Lorraine.

"Mimi nasema," alisema Bibi Filomena. "Ahirisha. Mwakani nitakushika mkono nikupeleke ukaisikilize bahari. Nitakuwa na miaka themanini na tisa, tutapendeza."

*

Jumatano alfajiri Augie alikuwa mahali pake kabla jua halijatoka. Upepo ulikuwa umerudi ule ule wa bara, na nzi wake. Kisha jua likatoka, na maziwa yakamwagika. Alikaza macho hadi yakatoa machozi. Alijua yapo. Redio ilisema yapo, magoti yake yalisema yapo. Lakini kimo gani? Akisema kiuno yakawa kichwa, mtu asiyejua vizuri angekuja na mtoto wake. Alisimama dakika nne, zikawa nane.

Alisikia kandambili nyuma yake. Lorraine, na gauni lake la nyumbani na koti juu, nywele bado zina vibanio. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuja hapa saa hizi.

"Nimeleta kahawa," alisema.

Augie aliipokea. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu yeyote ufukweni pale.

"Kuna nini?"

Lorraine aliitazama bahari kwa makini kama anasoma bei. "Mimi sijui maneno yenu."

"Sema unachokiona."

"Kuna mstari. Nyuma yake mstari mwingine. Na nyuma tena. Imetoka mbali, imenyooka."

"Kimo?"

"Kuna mtu amesimama kwenye maji na ubao. Kip, nadhani, kwa tumbo lile. Sasa wimbi limemfikia... limempita." Aligeuka, akaweka kiganja chake kwenye kifua cha mumewe, juu kidogo ya mfuko wa shati. "Limemfika hapa. Mengine hapa." Akapandisha hadi kwenye ukosi.

Augie aliushika ule mkono pale pale, ili asisahau kipimo. Kisha wakaingia wote wawili kwenye kibanda cha simu, ambacho kilijengwa kwa mtu mmoja mwembamba.

"Habari za asubuhi, hapa ni duka la Kip, mimi ni Augie. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mawimbi kimo cha kifua, mengine hadi shingo, yamenyooka, upepo wa bara. Njooni. Kesho yatakuwa makubwa zaidi, asiyejiweza asiingie." Mashine ilikuwa inaendelea kuzunguka. "Jambo jingine. Jumatano iliyopita nilisema bahari imelala. Haikuwa imelala. Sikumfichia mtu. Sikuiona. Macho yangu ya asubuhi hayaoni, na nilipaswa kusema. Leo aliyeona ni mke wangu Lorraine. Kesho simo, naenda kufanyiwa jicho. Namwomba radhi mtu aliyefua mapazia."

Akakata. Lorraine alimpangusa nzi shingoni.

Saa tatu mji mzima ulikuwa umeshasikia. Kip alitoka majini akapita mbele ya benchi, ubao kwapani, uso umenuna. Alikuwa amejigamba wiki nzima kwa ajili ya mbweha wake. "Ungeniambia mimi kwanza, mzee," alisema. "Nimecheka na watu bure." Alikwenda hatua tatu, akarudi. "Na Jumamosi nani atasema?"

"Jumamosi nitakuwa nimefunguliwa bandeji."

"Kama hujafunguliwa, mlete mama Lorraine. Ana sauti nzuri kuliko yako."

Watu wa mawimbi hawana huruma ya moja kwa moja. Augie alipotoka kununua gazeti na kurudi, alikuta benchi lake limefungiwa darubini ya plastiki ya mtoto, ya rangi ya waridi, kwa kamba ya kiatu. Ndani ya duka walikuwa wanabanana kuona atafanya nini. Masikio yake yalipata moto. Lorraine alitaka kuingia ndani awaseme. Augie aliifungua ile kamba taratibu, akaivaa darubini shingoni, akaketi.

Ndipo gari la kijani likaegeshwa. Trudy Vance alishuka, akaanza kufungua ubao juu ya paa. Alipofika kwenye benchi alisimama, akaitazama ile darubini ya waridi, akatazama pembeni kwa adabu.

"Nilisema sitapiga," alisema.

"Ulisema."

"Nikapiga." Alibadilisha ubao kwapa jingine. "Mazoea." Kisha, alipokuwa ameshaanza kushuka ngazi: "Lakini yale mapazia yalikuwa yanahitaji kufuliwa."

*

Alhamisi waliondoka saa moja. Kliniki ilikuwa bara, mwendo wa dakika arobaini, na barabara ni ile moja. Lorraine aliendesha, Augie pembeni na darubini yake shingoni, Bibi Filomena nyuma, maana alikataa kukosa. Upande wao barabara ilikuwa tupu. Upande wa pili magari yalikuwa yanakuja moja nyuma ya jingine, taa zinawaka, na juu ya kila gari palikuwa na mbao, mbili, tatu, nne, zimefungwa kwa kamba. Hata Augie aliziona. Walikuwa wanakuja kwa neno lake, na yeye alikuwa anawapita akielekea kwingine.

"Mangapi?" aliuliza baada ya muda.

"Nimeacha kuhesabu kwenye daraja," Lorraine alisema. "Nigeuze gari?"

Alikuwa anamaanisha. Augie alilijua hilo, na lilimuuma vizuri. Siku kama hii huja mara moja kwa miaka mitatu, na yeye hakuwa na miaka mitatu mingi ya kutupa. Aliushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Endesha, mama," alisema. "Endesha upesi kabla sijakujibu."

Bibi Filomena alimpiga begani kwa kidole kimoja. Kwa mtu kama yeye, lile lilikuwa busu.

*

Daktari alimfungua Ijumaa mchana, na Jumamosi alfajiri walisimama wawili mwisho wa Barabara ya Kumi na Nne, yeye na miwani meusi makubwa aliyopewa kliniki. Jua lilitoka mahali pake pa siku zote. Maziwa hayakumwagika, ila kidogo upande wa kushoto, wa jicho lililosubiri zamu yake. Kwa jicho la kulia aliona mstari wa maji na anga, aliona ndege wamekaa kwenye gati la mawe, na akaona wimbi linajikunja kutoka ncha moja hadi nyingine na uzi wa mwanga juu yake. Alisahau kupima. Alitazama tu kama mtalii.

Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda.

"Usiseme kitu," Lorraine alisema.

"Sisemi."

Waliingia kibandani kwa kubanana.

"Habari za asubuhi, hapa ni duka la Kip, mimi ni Augie. Mawimbi yanapungua, kimo cha kiuno, mengine goti, lakini masafi. Upepo mdogo wa bara. Nimeyaona mwenyewe. Kibanda cha waokoaji kimepakwa rangi ya njano, sijui lini."

"Mwaka juzi," ilisikika sauti ya Lorraine, na mashine ikaichukua, na siku ile watu mia moja na zaidi waliisikia hadi Philadelphia.

Walirudi benchini na kahawa. Trudy hakuwapo, ilikuwa Jumamosi, alikuwa kwenye basi lake. Kip alikuwa majini. Lorraine alitoa kadi mpya kwenye mkoba, akaishika muda kidogo bila kumpa, kwa sababu aliijua tarehe na alimjua mumewe. Septemba ndio mwezi wa mawimbi. Kwetu hapa mtu hafungi ndoa Septemba, hasafiri, na akiweza hafi, kwa sababu ndipo bahari hutulipa kiangazi chote cha kulala.

"La kushoto wamesema Septemba kumi na nane," alisema. "Nikawaambia nitauliza kwanza."

Augie alikuwa anamtazama Kip anakosa wimbi. Alilifurahia lile kosa kwa undani wake wote.

"Asubuhi au mchana?" aliuliza.